Nyumba ya Kusikia

Siku hizi ni nadra mkutano mkuu wa usharika kupita bila ajenda ya ujenzi. Nyumba ya ibada waliyoijenga babu zetu imekuwa ndogo, au bati limeshika kutu, au ukuta ulipasuka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 na tangu hapo ufa umefunikwa kwa plasta tu. Kamati inaundwa, ramani inaletwa kutoka mjini, bahasha zinagawiwa, harambee inatangazwa. Tunajadili sana fedha, mchanga, mawe na tofali. Swali moja hatuliulizi, au tunaliuliza msingi ukiwa umekwisha kumwagwa: nyumba hii itamhubiria nini mtu atakayeingia ndani yake, kabla mchungaji hajafungua kinywa?

Maana nyumba huhubiri. Urefu wake, mlango wake, mahali mimbari ilipowekwa, nani anakaa mbele na nani anakaa nyuma ya nguzo, vyote husema neno juu ya Mungu na juu ya watu wake. Na mahubiri hayo hayaishi kwa dakika thelathini. Mchungaji akikosea Jumapili hii anaweza kusahihisha Jumapili ijayo, lakini ukuta uliokosewa utaendelea kukosea hadi kwa wajukuu.

Katika insha hii napenda tuzipime nyumba zetu za ibada za Buhaya kwa kuziweka kando ya ndugu zao wa mbali: nyumba ndogo za ibada za vijijini Uingereza, zilizojengwa na Wakristo waliokataa kuwa chini ya kanisa la dola. Mtu atauliza, Kishanda na Uingereza zina undugu gani? Upo. Wao na wazee wetu walijenga nyumba za Neno kabla ya kupewa ruhusa ya kuwa na nyumba. Tena, baada ya vita kuu ya kwanza, Wamethodisti wa Kiwesley waliokuja Bukoba kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1920 walikuwa tawi la mti huohuo wa Kiingereza. Hawakukaa sana, lakini historia ya imani yetu imegusana na yao.

Kanisa lililojificha msituni

Katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ipo nyumba ya ibada ya Wabaptisti iitwayo Loughwood. Waumini wa kijiji cha Kilmington waliijenga yapata mwaka 1653. Walichagua mahali penye miti, karibu na mpaka wa jimbo jirani la Dorset. Kuta zake ni za mawe, imechimbiwa ubavuni mwa kilima, na paa lake ni la nyasi. Haina mnara wala kengele. Mgeni akiiona kwa mbali ataidhani ghala la mkulima.

Maficho hayo yalihitajika zaidi baadaye, sheria zilipobana. Mwaka 1664 Bunge la Uingereza lilikataza watu zaidi ya watano, mbali na wenye nyumba, kukutana kwa ibada isiyofuata taratibu za kanisa la dola. Mwaka uliofuata likatoka katazo jingine: wahubiri waliokataa taratibu hizo wasikaribie miji kwa umbali wa maili tano, yaani kama kilomita nane. Kwa hiyo Wakristo hao wakaenda kuabudu mashambani na msituni, karibu na mpaka, ili wakifukuzwa upande huu wavukie upande ule.

Ingia ndani, hata kama ni kwa mawazo tu. Kuta ni nyeupe, zimepakwa chokaa. Madirisha yana vioo vyeupe visivyo na picha, na mwanga unaingia bila kupakwa rangi. Mbele iko mimbari ya mbao. Chini ya mbao za sakafu, mbele ya mimbari, limefichwa birika la ubatizo; siku ya ubatizo mbao huondolewa na maji yakaonekana. Nyuma, chini ya roshani, viko vyumba viwili vidogo. Hivyo vilikuwa vya watu waliotembea kutoka mbali, wapate kupumzika na kula chakula chao kati ya ibada ya asubuhi na ile ya mchana. Mabenchi na mimbari vinavyoonekana leo ni vya karne ya 18, lakini mpango wa nyumba ni uleule: watu, Kitabu, maji, na mahali pa kupumzisha miguu iliyochoka.

Hapa mtu anaweza kushangilia haraka na kusema, "Tazameni unyenyekevu wao!" Tusikimbilie huko. Usahili wa Loughwood una wazazi wawili, hofu na imani. Nyumba ilikuwa ndogo na bila mnara kwa sababu mnara ungewaita askari, na pia kwa sababu waumini waliamini kweli kwamba Mungu hahitaji mnara. Ni vigumu kuwatenganisha wazazi hao wawili wangali hai. Hofu ilipokufa ndipo imani ilipopimwa. Mwaka 1689 sheria mpya iliwapa ruhusa ya kukutana. Kwa muda mrefu waliendelea kujenga nyumba za kawaida. Lakini karne ya 19, wengi wao walipokuwa wamepata mali, makanisa yao ya mijini yalianza kuota nguzo kubwa, minara na vinanda vya kushindana na jirani. Somo la kwanza, basi, ni hili: umaskini wa jengo si ushahidi wa unyenyekevu wa watu wake. Unyenyekevu hujulikana siku fedha zinapopatikana.

Nyumba za wasomaji

Wamisionari wa Betheli, Ernst Johanssen na wenzake, walipofika Bukoba mwaka 1910, hawakuikuta nchi tupu. Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa na misheni Kashozi tangu mwaka 1892. Na walikuwapo pia Wahaya wa Kiprotestanti ambao hawakuletewa imani na Mzungu yeyote. Walikuwa wamekwenda Uganda, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vya Kiganda mikononi. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imekwisha kutolewa tangu mwaka 1896. Waliitwa wasomaji, na jina hilo si la bahati tu, kwa sababu huko Buganda kusoma na kwenda kanisani vilikuwa neno moja.

Nyumba walizokutania zilikuwa za miti, udongo na nyasi, vitu vilevile vilivyojenga nyumba ya kila mtu kijijini. Nyasi zilitoka rweya, miti ilitoka kibanjani au msituni, na mikono ilikuwa ya waumini wenyewe. Hakuna kilichonunuliwa mjini. Mtu akitoka nyumbani kwake kwenda ibadani alitoka katika nyumba ya nyasi akaingia katika nyumba ya nyasi. Mungu alikaa katika nyumba ya aina ileile waliyokaa watu wake.

Hata hivyo wasomaji walibadili jambo moja, na kwangu mimi hapo ndipo usanifu wa kanisa letu ulipozaliwa. Nyumba ya asili ya Mhaya ni msonge, au mushonge kama wazee wanavyosema: duara kubwa, nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, mlango mmoja, hakuna dirisha. Ni nyumba bora sana. Ina joto usiku, mvua kubwa ya ziwani haipenyi, na sakafu yake iliyotandikwa nyasi ni pa kukaa na pa kulala. Lakini ndani mna giza. Giza la msonge ni la moto wa jikoni na hadithi za bibi. Humo mtu husikia na kukumbuka. Hawezi kusoma. Watu ambao ibada yao ilikuwa kitabu walihitaji mwanga juu ya ukurasa, na ili kupata mwanga ilibidi wawe na ukuta ulionyooka, na katika ukuta dirisha. Tunapoona kanisa la kijijini la pembe nne lenye madirisha pande mbili, tunadhani ni mtindo wa Kizungu tu. Umbo lilitoka nje, sawa. Lakini dirisha lilidaiwa na Kitabu, kama vile Kitabu kilivyodai vioo vyeupe kule Loughwood.

Kisha zikaja tofali za kuchoma, bati, na baadaye saruji. Katikati ya hayo yote historia ilitufundisha jambo jingine. Wakati wa vita kuu ya kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na vita ya pili ikawaondoa tena, hata Waswidi wakaja kusaidia. Mara zote mbili nyumba za ibada hazikufungwa. Waalimu na wainjilisti wa hapahapa waliendelea kufungua mlango, kusoma na kuomba. Nyumba iliyojengwa kwa vitu vya kijiji inaweza kutunzwa na kijiji. Paa la nyasi likivuja, kila mtu anajua kulirekebisha, na hakuna anayesubiri barua kutoka Ujerumani.

Sikio kwanza

Sasa tupime. Kanisa letu linafundisha kwamba imani huja kwa kusikia. Kama ndivyo, kipimo cha kwanza cha nyumba ya ibada si uzuri wake kwenye picha. Kipimo ni kama bibi mwenye miaka themanini, aliyekaa benchi la mwisho, anasikia Injili ikisomwa.

Waingereza wale walilifikiria hili kwa makini. Katika Goodshaw, kijiji cha vilima vya Lancashire, Wabaptisti walijenga nyumba ya ibada mwaka 1760. Badala ya kuiweka mimbari mwisho wa chumba kirefu, waliiweka katikati ya ukuta mrefu, wakayazungusha mabenchi mbele na pembeni, na juu yake roshani pande tatu. Hakuna aliye mbali na sauti. Wote wanamwona mhubiri, na zaidi ya hapo wanaonana wao kwa wao.

Nyumba zetu nyingi zimefuata njia nyingine: chumba kirefu na chembamba, mlango mwisho mmoja, madhabahu mwisho wa pili. Umbo hili lilirithiwa kutoka makanisa ya maandamano na madhabahu ya mbali. Lina heshima yake, lakini linampeleka nyuma kabisa yule anayechelewa kwa sababu alikuwa anamuuguza mtoto. Juu yake tukaweka bati. Bukoba mjini hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kila mmoja wetu anajua kinachotokea Aprili mvua inaponyesha katikati ya mahubiri. Mhubiri anapaza sauti, anashindwa, kwaya inaitwa iimbe mpaka mvua ipungue. Paa la nyasi halikuwa na tatizo hili. Mvua iliangukia juu yake kimya.

Tumejibu kwa kununua spika. Spika ni msaada, sikatai. Lakini katika chumba chenye kuta tupu, sakafu ya marumaru na dari ngumu, spika huongeza mwangwi. Maneno yanagongana, na bibi yule wa benchi la mwisho anasikia kelele kubwa zaidi bila kuelewa neno. Fundi mwenye busara angeweka dari ya mbao au mikeka chini ya bati, angefupisha chumba na kukipanua, angeileta mimbari karibu na watu. Mambo haya si ya gharama kuliko marumaru. Yanahitaji tu kamati iliyokubaliana kwamba sikio linatangulia jicho.

Kiti cha mwenye pete

Kipimo cha pili ni kiti. Hapa ndugu zetu wa Uingereza hawatoki bila lawama, na ni vizuri tuiseme lawama hiyo kwa sababu inatugusa.

Ndani ya nyumba zile nyeupe, zisizo na sanamu wala dhahabu, palikuwa na mabenchi yaliyozungushiwa mbao kama visanduku, kila kimoja na mlango wake mdogo. Makanisa mengi ya namna hiyo yalikodisha mabenchi. Familia ililipa kodi ya mwaka, ikapata kisanduku chake. Mwenye uwezo alikaa karibu na mimbari, mtumishi na maskini walikaa nyuma au juu kwenye roshani, kwenye viti vya bure. Kwa hiyo watu waliokataa daraja za maaskofu walijenga daraja za fedha, na wakazipigilia misumari sakafuni. Walisafisha ukuta, wakasahau kiti. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamtaja mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa mahali pazuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Nadhani waraka huo ulisomwa mara nyingi katika nyumba hizo, nao waliousikia walikuwa wamefunga milango ya visanduku vyao.

Na sisi je? Nyumba za kwanza za nyasi hazikuwa na benchi. Watu walikaa chini, na chini hapana mbele sana. Katika sharika nyingi za zamani wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, lakini ndani ya kila upande tajiri na maskini walibanana. Leo tunakodisha nini? Hatutozi kodi ya benchi. Lakini angalia safu ya mbele siku ya harambee: viti vya sofa vilivyofunikwa vitambaa, meza yenye chupa za maji, na majina yanayosomwa kwa ukubwa wa ahadi. Angalia mabamba ya marumaru ukutani yenye majina ya waliotoa dirisha hili na lile. Mjane aliyeleta kopo la kahawa hana bamba. Bwana wetu alikaa mkabala na sanduku la sadaka akamwona mjane kama huyo. Mafundi wetu wamejenga nyumba ambamo itakuwa vigumu kumwona.

Askofu Josiah Kibira, mwana wa nchi hii, aliyechaguliwa mwaka 1977 kule Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliandika kitabu mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Alijua kwamba Mhaya anapouliza kanisa ni nini, anauliza pia nani ni ndugu yangu. Swali hilo halijibiwi na katiba ya usharika peke yake. Linajibiwa pia na benchi. Mpangilio wa viti ni jibu letu la kila Jumapili kwa swali la nani ni ndugu, na wageni huliona jibu hilo kabla ya kusikia lile la mimbarini.

Mlango usiofungwa

Kipimo cha tatu ni mlango. Sheria ile ya mwaka 1689 iliyowapa Waingereza wale uhuru ilikuwa na sharti moja la ajabu: wakati wa ibada mlango wa nyumba yao usifungwe kwa kufuli wala komeo. Dola iliogopa njama. Ilitaka mtu yeyote aweze kusukuma mlango na kuona kinachofanyika. Sharti lilitokana na mashaka, lakini Mungu alilifanya kuwa baraka, kwa sababu nyumba isiyoweza kufungwa ni nyumba ambayo jirani anaweza kuingia.

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli, lakini kama mlango haufunguki, uzuri wa ndani ni wa nani? Nyumba yetu ya zamani ya ibada haikuwa na kitu cha kuibwa ila Kitabu na ngoma. Mtoto aliweza kuingia kujisomea baada ya shule, msafiri kujikinga mvua, mwenye uchungu kupiga magoti siku ya Jumatano. Kadiri tunavyoongeza vinanda vya umeme, mikrofoni na spika, ndivyo tunavyoongeza nondo madirishani na kufuli mlangoni. Kanisa kubwa lenye mali nyingi hukaa wazi saa nne kwa juma, na siku zilizobaki linalindwa. Simlaumu mlinzi. Nasema tu kwamba gharama ya mali hiyo tuihesabu yote, na sehemu yake ni mlango uliofungwa. Vile vyumba viwili vya nyuma vya Loughwood vinatudai: je, ramani yetu ina mahali pa mtu aliyetembea saa tatu kuja ibadani? Au ina ofisi tu?

Lakini Mungu hastahili kilicho bora?

Najua pingamizi, na ni pingamizi la haki. Sulemani hakujenga kibanda. Mama anayeishi katika nyumba ya chumba kimoja hupata furaha ya kweli kuingia katika nyumba kubwa nzuri na kusema, "Hii ni yetu." Kumwambia maskini aridhike na kanisa bovu kwa jina la unyenyekevu ni dharau iliyovaa joho. Na tena Waganda, waliotufundisha kusoma, hawakujenga vidogo. Kilimani Namirembe walisimamisha kwa miti na nyasi nyumba kubwa ya maelfu ya watu. Dhoruba ikaiangusha mwaka 1894, wakajenga nyingine. Kanisa la tofali la mwaka 1904 radi ikaliteketeza mwaka 1910, wakajenga tena, na lile lililokamilika mwaka 1919 limesimama hadi leo.

Sibishi. Hata Zanzibar, kanisa la Mkunazini alilolianza Askofu Edward Steere mwaka 1873 ni jengo kubwa lenye fahari, na hakuna Mkristo anayetamani lingekuwa dogo, maana limesimama palipokuwa soko la watumwa. Fahari yake inabeba kumbukumbu ya waliouzwa pale. Tunajua kwa nini ni kubwa.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Kosa si uzuri wala ukubwa. Kosa ni uzuri usiojua sababu yake. Loughwood ni ndogo na tunajua kwa nini. Mkunazini ni kubwa na tunajua kwa nini. Nyumba nyingi tunazojenga sasa ni kubwa kwa sababu usharika jirani ulijenga kubwa. Sulemani mwenyewe, siku ya kuliweka wakfu hekalu, alikiri mbele ya watu kwamba mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile. Mwenye kukiri hivyo anaweza kukabidhiwa dhahabu.

Kubomoa na kubakiza

Linabaki swali la nyumba ya zamani. Goodshaw ina neno hapa. Katika miaka ya 1860 waumini wake walijenga nyumba mpya kubwa zaidi, wakahama. Ile ya mwaka 1760 haikubomolewa. Ilikaa miaka zaidi ya mia ikichakaa, hata ikatunzwa upya kwa fedha za umma. Leo mtoto wa pale anaweza kukaa kwenye benchi la mababu zake na kuona jinsi walivyosikiliza. Nyumba inafundisha ingawa haina mhubiri wa kila juma.

Si kila jengo la zamani linaweza kubaki. Tetemeko la mwaka 2016 lilitufundisha kwa ukali kwamba ukuta wa tofali uliojengwa bila mkanda wa zege na bila nguzo zenye nondo ni hatari. Watu walikufa, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au kupasuka. Nyumba inayoweza kuwaangukia watoto wa shule ya Jumapili haina haki ya kubaki kwa sababu ya kumbukumbu. Lakini kabla ya nyundo ya kwanza naomba kila kamati ifanye mambo manne.

Kwanza, mwiteni fundi anayejua majengo, asiyetafuta zabuni ya jengo jipya, aseme kama la zamani linaweza kufungwa mkanda, kubadilishwa kenchi na kuishi. Mara nyingi linaweza, likawa darasa la kipaimara, maktaba, au nyumba ya maombi ya katikati ya juma isiyofungwa kufuli.

Pili, wakaeni chini wazee walio hai, wanaume kwa wanawake, mwandike: nani alifyatua tofali, mawe yalitoka kilima gani, ngoma iliwekwa wapi, nani alikaa wapi. Jengo likianguka bila maandishi, limeanguka mara mbili.

Tatu, pimeni sauti kabla ya kununua marumaru. Simameni uwanjani kwa umbali wa urefu wa kanisa jipya, mmoja asome Injili bila mikrofoni, bibi mmoja akae mwisho, muulizeni amesikia nini.

Nne, chukueni kitu kimoja kutoka nyumba ya zamani mkiweke ndani ya mpya, mahali pa kazi na si pa maonyesho: mbao za mimbari, jiwe la kizingiti, au birika la ubatizo. Mtoto abatizwe palepale alipobatizwa babu yake.

Haya yakifanyika, sitajali sana kama kanisa jipya litakuwa na mnara au halina. Mtume Petro aliwaita waumini mawe yaliyo hai, wanaojengwa kuwa nyumba ya Roho. Mawe hayo ndiyo yanayokaa juu ya mabenchi yetu, nayo yana masikio. Jengo linalowasaidia kusikia, kuonana na kuingia limetimiza kazi yake, liwe la nyasi au la zege. Mkutano mkuu ujao, ramani itakapotandazwa mezani na mwenyekiti akauliza kama kuna swali, mmoja wenu ainuke aulize: katika ramani hii, yule bibi wa benchi la mwisho amekaa wapi?